Zamu ya Maji Niliyoipeleka kwenye Nyasi

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa moja asubuhi, niliziba kwa udongo na vipande vya mgomba mlango wa maji unaoingia kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, nikafungua ule wa upande wa pili, na maji yakaenda kwenye nyasi za hoteli. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenye hoteli aliniomba kwa upole, na ningeweza kumjibu kwamba maji yale si yangu peke yangu. Sikumjibu hivyo. Nilisema, "Haina shida." Kila nikikumbuka maneno hayo mawili nakasirika upya, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Huku kwetu mlimani, juu ya mji wa Moshi, maji ya shamba huja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni hadi kwenye migomba. Kila ukoo una zamu yake, na zamu hurithiwa kama ardhi. Yetu ilikuwa Jumanne na Ijumaa, tangu asubuhi mpaka jua linapofika utosini. Baba alituachia kihamba na zamu sisi wanawe wawili, kaka yangu na mimi. Kihamba kiligawanywa katikati, lakini zamu ilibaki moja. Kaka alipofariki, mjane wake alibaki kwenye nusu yake na watoto, na mimi nikawa msimamizi wa zamu kwa nyumba zote mbili. Siku zile mwanamke hakuandikwa kwenye mfongo. Kwa hiyo shemeji yangu alipata maji kwa mkono wangu, au hakuyapata kabisa.

Niseme pia nilikuwa nani, kwa sababu bila hilo kosa langu litaonekana dogo. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kazi miaka mingi kwenye chama cha ushirika kama msaidizi wa bwana shamba. Nilizunguka Old Moshi na Kilema kwa miguu, na pampu mgongoni, nikiwafundisha wakulima kuhusu chulebuni na kutu ya majani. Chulebuni ni kuvu. Huozesha punje za kahawa zikiwa bado kijani, na hupenda baridi, unyevu na shamba lililofungana lisilopita hewa. Wimbo huo niliuimba kwenye mikutano mpaka watoto wakauiga. Kisha serikali ikafungua biashara ya kahawa, wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao, chama kikapunguza watu, nami nikawa kwenye orodha ya kwanza.

Mwenye hoteli alikuwa mtu wa huku huku, aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi akarudi na mtaji. Alinunua kipande cha ardhi ng'ambo ya mfongo, mkabala na kwetu, kutoka kwa mtu aliyeuza ardhi bila zamu ya maji, akang'oa kahawa yote na kujenga vyumba vya wageni wanaopanda mlima. Mbele ya vyumba alitaka uwanja wa nyasi. Ukoka wa kawaida, unaoota wenyewe kila mahali, hakuutaka. Aliagiza mbegu kutoka Kenya, zikaja kwa gunia kupitia mpaka wa Tarakea. Zilikuwa nyasi laini, nyembamba kama nywele, za nchi za baridi. Siku aliyoniajiri aliniambia, "Wewe ulikuwa daktari wa kahawa. Nyasi zitakushinda?"

"Nyasi?" nikasema, na nikacheka.

Zilipendeza kweli mwaka wa kwanza. Lakini kwa watu wa kwetu zilikuwa kichekesho. Huku hakuna malisho, ng'ombe hufungwa zizini mwaka mzima, na kina mama hushuka mpaka tambarare kutafuta majani na kupanda nayo mlima kichwani. Walipita kwenye ua wa hoteli na mizigo yao, wakaniona na mpira wa maji.

"Bwana shamba, ng'ombe wako yuko wapi?" mmoja aliniuliza.

"Hakuna ng'ombe, mama."

"Sasa unamlimia nani majani?"

"Ya kuangalia tu."

"Haya, angalia vizuri, yasikimbie." Wakaondoka wakicheka, nami nikaona hawajui kitu.

Mwaka wa pili baridi ilianza mapema. Ukungu ulishuka mwezi wa sita na kukaa mpaka saa tano asubuhi, siku nyingine mpaka jioni. Binti wa mwenye hoteli alikuwa afunge ndoa mwishoni mwa mwezi wa nane, na baba yake alitaka picha zipigwe kwenye nyasi zile. Ili zikolee kijani nilimwaga mbolea ya yurea, tena nyingi. Zikakua haraka, teketeke, zikafungana. Wiki mbili baadaye nikaona madoa ya mviringo, kila moja kama sahani ya chai, yenye rangi ya majani makavu.

Nilisema ni kiu. Mtu aliyekulia mlimani akiona jani limekuwa rangi ya bua anawaza maji, kwa sababu maisha yetu yote tumepigania maji. Maji ya bomba hotelini yalikuwa machache. Ndipo mwenye hoteli akauliza kama zamu yetu ya mfongo haingeweza kusaidia, wiki chache tu, mpaka harusi ipite. Nikasema ile "haina shida" yangu. Sikuwauliza wazee wa mfongo, ingawa sheria yao naijua tangu utoto: maji ya mfongo ni ya shamba, na zamu haiazimwi bila kikao.

Shemeji nilimweleza nikiwa nimeshabadilisha mlango. Alikuwa amepanda ulezi kwenye kipande chake cha chini, na ulikuwa umetoka ardhini, kijani chepesi. Ulezi ule ndio aliopikia mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege ndiyo iliyowasomesha watoto wa kaka yangu.

"Wiki mbili tu, shemeji," nikamwambia.

"Ulezi unaanza kushika sasa. Wiki mbili ni nyingi."

"Kuna ukungu, ardhi haikauki sana."

"Kama ukungu unatosha," akasema, "kwa nini hauzitoshi nyasi zako?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nikaondoka. Lile swali lilikuwa na dawa yote niliyohitaji, nami nililiacha pale shambani.

Jumanne na Ijumaa niliyakinga maji ya zamu kwenye mapipa ya hoteli, yakatosha na siku nyingine. Nilimwagilia jioni, kwa sababu niliamini jua la mchana huunguza. Nyasi zililala zimelowa usiku kucha, katika baridi inayouma vidole. Madoa yakaongezeka, yakaungana, yakawa makubwa kama mkeka. Asubuhi, umande ukiwa bado upo, niliona nyuzi nyeupe juu ya madoa, kama pamba iliyochambuliwa. Nikasema ni buibui. Ilipofika saa nne nyuzi zilikuwa zimepotea, na nikafurahi kwamba buibui wameondoka.

Nikazidisha makosa. Nilikata nyasi zikiwa zimelowa, kwa sababu mwenye hoteli alitaka zikatwe kila Jumatatu na Alhamisi, fupi kabisa. Ugonjwa ukatembea na gurudumu la mashine. Niliona mistari ya majani yaliyokufa, imenyooka kama imepigwa rula, kila mahali mashine ilipopita. Hata mtoto angeelewa. Mimi nilidhani kisu kimekuwa butu.

Siku moja, kwa kutaka amani, nilimpelekea shemeji fungu la nyasi zilizokatwa, kwa ajili ya ng'ombe wake. Alizimwaga zizini. Ng'ombe akanusa, akapuliza pua, akageuka.

"Hata huyu hazitaki," akasema shemeji. "Zinanuka kama shimo la maganda ya kahawa."

"Zimelala tu kwenye gunia."

"Wiki zako mbili zimeisha Ijumaa iliyopita."

"Nipe moja."

"Unaniomba mimi? Si wewe unayeshika mlango wa maji?" Aliyasema akiwa anafagia zizi, bila kuniangalia. Nyuma yake, kule chini, ulezi ulikuwa umeanza kujikunja ncha.

Nilikwenda stoo ya hoteli nikachukua dawa ya kopa, ile ya buluu tuliyokuwa tukipulizia kahawa. Bado nilikuwa sijakiri kwamba ni kuvu. Nilifikiri dawa ni dawa. Niliipima kwa kipimo cha mti wa kahawa na kuipulizia kwenye majani membamba kama nywele. Baada ya siku tatu hata sehemu zilizokuwa nzima ziliungua na kuwa za kahawia. Mwenye hoteli alitoka nje na kikombe chake cha chai, akasimama muda mrefu.

"Ndugu yangu," akasema, "mwezi uliopita nilikuwa na madoa. Sasa nina doa moja lenye vipande vya kijani."

Ndipo nikashuka mjini. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetunza uwanja wa gofu tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Nilimkuta kwake, nikampa shikamoo, nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: "Unazimwagilia saa ngapi?" Nilipomjibu, akasema atapanda nami ila lazima alale huko, kwa sababu ugonjwa huo hauonekani mchana.

Kesho yake, Alhamisi, alfajiri, tulisimama uwanjani wote wawili tumevaa makoti. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya doa, akakiinua. Zile nyuzi nyeupe zilikuwa zimeshika kwenye kidole chake.

"Hawa ndio buibui wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Nasikia ulikuwa unafundisha watu kahawa."

"Ndiyo."

"Haya nifundishe na mimi. Kahawa ikifungana, ikalowa, ikapigwa baridi, inapata nini?"

"Chulebuni."

"Na ukiizidishia mbolea ya kukuza majani?"

"Inakuwa laini, inaugua zaidi."

"Hewa isipopita?"

Mzee alijipangusa kidole kwenye koti bila kungoja jibu. "Basi na hii ni mmea, bwana shamba. Ulidhani ni rangi ya ukutani?"

Sijawahi kuaibika vile. Aliyonieleza hayakuwa mageni, yalikuwa masomo yangu mwenyewe yakirudishwa kwangu. Alisema dawa za kuvu sasa zipo madukani mjini, tangu biashara ifunguliwe kila mtu anauza kila kitu, lakini dawa bila kubadilisha matunzo ni kutupa fedha. Kwanza, yurea ikome mpaka baridi iishe, na badala yake ninyunyize majivu kidogo. Kila asubuhi tukokote mwanzi mrefu juu ya nyasi, watu wawili, mmoja kila upande, ili umande uanguke na majani yakauke mapema. Tupunguze matawi ya miti ya migrevilia upande wa mashariki, jua lifike. Tusikate zikiwa zimelowa, na tuziache ndefu zaidi wakati wa baridi. Kisu kinolewe, na kioshwe kila kinapotoka sehemu yenye ugonjwa. Majani yaliyokufa na yaliyokatwa yakusanywe kwa reki na kutolewa nje. Ardhi ilikuwa imeshindiliwa, kwa hiyo itobolewe kwa jembe uma na kumwagiwa mchanga wa mtoni ili maji yasisimame. Pale palipokufa kabisa nipande ukoka, ambao ni mgumu.

"Na mwakani," akasema, "kazi hii uianze mwezi wa tano. Ukiona doa umeshachelewa."

"Na maji?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama mvua inalowesha. "Maji ya nini? Kwenye ukungu huu? Chomeka kidole ardhini. Ukikikuta kikavu mpaka kiungo cha pili, zipe, tena asubuhi. Mwezi huu hazihitaji hata kikombe. Hizi nyasi zinaumwa kwa sababu ya maji."

Nilimpa mzee chai na ndizi, akashuka zake.

Hapa ndipo ninaposhindwa kabisa kujielewa. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, zamu yetu. Shemeji alikuwa amekaa wiki nne bila tone. Ulezi ulikuwa hai bado, wa njano lakini hai. Ilikuwa kazi ya dakika kumi: kwenda kwenye mlango, kutoa udongo, kurudisha maji nyumbani. Nilikwenda mpaka pale, nikashika jembe, nikaanza kuwaza. Nikimrudishia leo ataniuliza kwa nini nyasi hazitaki maji tena. Itabidi nimwambie kwamba maji yake ya wiki nne ndiyo yaliyoziua. Na mwenye hoteli ataniuliza kwa nini nilikubali kuleta kitu kilichomharibia uwanja. Nilijiona nimesimama mbele yao wote wawili, bwana shamba wa chulebuni, nikikiri kwamba sikuitambua kuvu miguuni pangu.

Niliacha maji yaendelee kuja hotelini kama kawaida. Yalipofika kwenye ukingo wa uwanja niliweka kipande cha bati, nikayageuza, yakaanguka korongoni. Nilipanga kuyarudisha baada ya harusi, kimya kimya, kama mtu aliyetimiza ahadi. Nilifanya hivyo Ijumaa ile, na Jumanne, na Ijumaa, na Jumanne tena.

Nyasi zilianza kupona. Hilo nalo lilinikera, kwamba zilipona kwa kuachwa. Mimi na mlinzi wa hoteli tulikokota mwanzi kila asubuhi, nikatoboa ardhi kwa jembe uma mpaka mikono ikavimba, nikapanda ukoka kwenye mapengo. Zile nyuzi zikapungua, kisha zikakoma. Kijani kikarudi kutoka pembeni kuelekea katikati.

Jumanne ile, zamu ya nne tangu niweke bati, karibu saa tatu, nilimwona shemeji anakuja akifuata mfongo, khanga kiunoni na ndoo mkononi. Alikuwa ametembea tangu kwenye mlango wa maji, hatua kwa hatua, akiyafuata maji kuona yanakokwenda. Alifika kwenye bati. Alilitazama, akatazama korongo, akasikiliza maji yanavyoanguka kule chini.

"Shemeji, haya yanakwenda wapi?"

"Yamezidi leo. Nyasi zimeshiba."

"Zimeshiba leo?"

Akainama kwenye ukingo wa korongo.

"Huku kando udongo umechimbika. Maji ya siku moja hayachimbi hivi." Aliweka ndoo chini. "Mimi na watoto tunachota mtoni. Tunanyunyizia ulezi kwa kopo, mstari kwa mstari. Wewe unayamwaga."

"Nilitaka kukuambia."

"Kaka yako angekuwepo ungeyamwaga?"

Hakusubiri jibu. Alichukua ndoo yake akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mfongo. Asubuhi ya Ijumaa maji yalirudi kwenye kihamba, si kwa mkono wangu. Sehemu kubwa ya ulezi ilikuwa imeshakauka.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada, karibu na mlango mkuu wa maji, wanaume wamekaa juu ya mawe. Mwenyekiti aliniuliza kama niliazima zamu, nikasema ndiyo. Akauliza nilimwuliza nani, nikasema hakuna.

"Nyasi zilikuwa na kiu kiasi hicho?" mmoja akauliza. "Ungesema, tungeziletea mbege."

Walicheka, nami nilitabasamu kidogo, nikifikiri mambo yataishia kwenye faini ya kawaida, mbuzi na mtungi wa pombe. Kwa kuazima peke yake yangeishia hapo. Lakini mwenyekiti aliinua mkono.

"Na korongoni? Korongoni ulimwazima nani?"

Kicheko kikakatika. Nilisema ukweli wote, kuanzia yurea mpaka bati. Nilipomaliza hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa baba yangu alisema tu kwamba mtu akikosea jani ni ujinga, na ujinga hauna adhabu. Lakini mtu anayejua maji hayatakiwi, na jirani ana kiu, akayamwaga ili asione haya, huyo hawezi kushika mlango wa maji. Wakakubaliana hapo hapo. Zamu yetu ikaandikwa kwa jina la mjane wa kaka yangu. Kwenye mfongo wetu ilikuwa mara ya kwanza zamu kuandikwa kwa mwanamke. Akitaka kunigawia atanigawia, wakasema, ni yake.

Harusi ilifanyika. Mvua ilitishia, kwa hiyo walijenga hema kubwa juu ya uwanja mzima na kutandika mikeka, na picha zikapigwa kwenye ngazi. Miaka michache baadaye mwenye hoteli aling'oa nyasi akaweka matofali ya zege, magari ya watalii yapate pa kuegesha.

Shemeji hakuninyima maji. Alinigawia Ijumaa mara moja moja, akituma mtoto kuniambia. Wanawe walipokua na kuwa na mashamba yao yanayohitaji maji, kugawiwa kukapungua, kisha kukaisha, nami sikuwa na haki ya kudai. Kahawa yangu ya upande wa chini ilikufa kwanza, halafu migomba. Zamu ambayo baba aliirithi kwa baba yake haiko kwa jina langu, na wanangu hawatairithi. Kihamba changu hukauka kila kiangazi. Na mke wa kaka yangu, aliyeishi ukuta kwa ukuta nami miaka yote hii na aliyekuwa akiniita shemeji, sasa ananiita jirani.